Mwaka Niliokula Sahani ya Bukuru

Chiza alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa katika ofisi ya walimu nasahihisha madaftari. Hakuzunguka. "Adera," alisema, "mwarimu ametuacha. Asubuhi hii." Jina langu ni Adela, lakini kwetu Ngara r na l hukaa kigoda kimoja, na mtu wa umri wa Chiza humsahihishi. Nilimpa pole, nikauliza habari za mazishi, akasema ni Alhamisi kule kule Nemba, tukaagana. Mbele yangu lilikuwa daftari la binti wa kidato cha pili aliyeandika kwa Kiingereza kwamba ngamia anaweza kuvuka kitindamlo kwa siku saba bila kunywa maji. Alikusudia jangwa. Maneno hayo mawili, desert na dessert, yamepishana herufi moja tu, na kwa miaka yangu ishirini na mitatu ya kufundisha nimekutana na ngamia huyo mara nyingi kuliko ninavyokutana na mkuu wangu wa shule. Siku nyingine ningecheka, au ningemsema yule binti mpaka akome. Siku ile nililia juu ya daftari lake mpaka wino ukatawanyika, na kesho yake ikanibidi nimwombe radhi.

Wanaonijua leo kama mwalimu mkali wa Kiingereza hawaamini kwamba Kiingereza kiliwahi kuniangusha chali. Kiliniangusha. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya wakimbizi wa Rwanda kuondoka katika kambi ya Benaco na barabara zetu kurudia ukimya wake. Nilifanya mtihani wa kidato cha pili nikatoka na alama ambazo sitazitaja hapa, kwa kuwa wanafunzi wangu nao wanajua kusoma. Utaratibu ulikuwa mfupi: ukifeli unakariri darasa mara moja, ukifeli tena unabeba sanduku lako unarudi nyumbani. Nyumbani, Mabawe, jembe langu lilikuwa limekwisha kutiwa mpini, na alikuwepo pia mposaji, mtu mzima mwenye shamba zuri la kahawa na meno machache. Shule moja ya Biharamulo ilikubali kunipokea nikariri, ila haikuwa na nafasi bwenini. Ndipo Chiza, jirani yetu, aliposema ana dada yake Nemba, karibu na shule hiyo, anayeishi peke yake na anayekijua Kiingereza kwa sababu alifanya kazi Benaco. "Cheti hana," alisema, "rakini kichwa anacho." Kwa maneno hayo nilifungiwa nguo zangu kwenye khanga, nikapelekwa.

Dada huyo aliitwa Butoyi, na kwa asiye wa kwetu yafaa nieleze. Katika Ngara wakizaliwa mapacha, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na mtoto anayewafuata ni Chiza. Wazazi hawana la kuchagua. Mapacha wana miiko yao. Ukimpa mmoja ndizi, unampa na mwenzake. Ukimwita mmoja, unawaita wote wawili. Ukimdharau mmoja, mama zetu walituambia, utatoka mapele mikononi, na mimi msichana wa sekondari niliyesoma biolojia nilijiangalia mikono mara kwa mara. Siku niliyofika Nemba alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mwembamba wa miaka kama arobaini, kichwa kimenyolewa, miguu imejaa udongo wa shamba. Jirani yake Mama Zuhura, Mwislamu wa pale pale Biharamulo, alikuwa akipita na ndoo kichwani, akamsalimu, "Hamjambo?" Naye akajibu, "Hatujambo, habari za tangu asubuhi?" Nilichungulia nyuma yake nimwone huyo mwingine aliyejumuishwa kwenye salamu. Hapakuwa na mtu.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, kuta zimepakwa udongo mweupe mpaka usawa wa dirisha na mweusi kushuka chini. Kila kitu humo kilikuwa viwili viwili. Vigoda viwili, vikombe viwili vya bati vimening'inia kwenye misumari, sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu, hata miswaki miwili kwenye kopo, mmoja mpya kabisa. Jioni alisonga ugali wa muhogo, akaunga maharage kwa karanga, akapakua kwenye zile sahani mbili kwa uangalifu wa mfamasia, akiongeza maharage matatu huku na kupunguza moja kule. Nikakaa nikisubiri yangu. Akanisogezea sahani ya pili. "Kula, mwanangu. Hiyo ni ya Bukuru. Yuko safarini, naye hapendi chakula chake kiharibike." Nilikula, na lazima niseme kwamba Bukuru alilishwa vizuri. Ni Mama Zuhura aliyeniambia baadaye, tukiwa kisimani, kwamba safari hiyo ilikuwa na miaka thelathini na moja, na kwamba kabla yangu sahani ya pili alipewa yeyote aliyepita: mwendawazimu, muuza dagaa, watoto wake yeye Mama Zuhura. "Mimi kwa imani yangu siwezi kuyafuata hayo," alisema, "ila salamu ya wengi haigharimu kitu, naye ni mtu mwema." Kwa hiyo kwa mwaka mzima nilikula sahani ya marehemu, nikanenepa.

Kiingereza chake alikiokota, na simaanishi hivyo kwa dharau. Benaco alikuwa mfagiaji wa ofisi za mashirika, na Wazungu, alisema, hutupa karatasi kama mgomba unavyotupa majani. Alizikusanya kwenye mfuko wa unga, akazisoma usiku na kamusi isiyokuwa na jalada iliyoanzia herufi D, kwa maana kurasa za kabla ya hapo zilikwenda kufungia karanga. Katika kusoma kwake akagundua jambo ambalo walimu wangu wenye shahada hawakuwahi kuniambia: kwamba Kiingereza kimejaa mapacha. Amahasa, alivyoyaita kwa Kihangaza, lugha yetu. Flour ni unga, na flower ni ua, na mdomo hauyatofautishi hata kidogo. Weight ni uzito, neno alilolikuta kwenye mizani ya mgao, na wait ni kusubiri, jambo walilolifanya wakimbizi mbele ya mizani hiyo hiyo. Whole ni kitu kizima, hole ni shimo. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu lenye safu mbili, na kila neno aliliandika likikabiliana na mwenzake. Pale alipolijua moja na kuhisi kwamba la pili lipo, huenda kwenye zile kurasa za A, B na C zilizopotea, aliacha nafasi wazi, akimwuliza kila mtu aliyevaa viatu vya ngozi. Nilipompelekea affect ili ikae karibu na effect, alisimama akanishika mikono yote miwili. Ilikuwa imemsubiri miaka mitatu.

Nimefundishwa na watu wengi, wengine kutoka vyuo vikubwa, na sijaona mwalimu kama yule. Hakuwa na ubao. Alikuwa na muhogo. Tulipomenya, alishika muhogo mmoja na mimi mwingine, yeye anasema neno nami nasema pacha wake, na hakuna aliyeruhusiwa kutupa maganda kabla ya kusema maana. Tulipopalilia, yeye alichukua tuta lake na mimi langu, tukaenda sambamba, na kama nimekwama alikaa chini kwenye tuta akanisubiri badala ya kunitangulia. Alifahamu pia kwamba sisi wa Ngara tuna mapacha ambao Mwingereza mwenyewe hawajui, kwa kuwa kwake light na right ni watu baki kabisa. Alinisimamisha asubuhi mbele ya kipande cha kioo, ulimi nyuma ya meno, niseme l kumi kabla ya chai ya mchaichai. Alinisimulia habari za katekista mmoja wa utotoni kwao aliyewaalika waamini kwa Kiingereza siku ya ugeni, akakusudia wasali, pray, akatamka wacheze, play, na kanisa zima likapiga magoti bila wasiwasi wowote. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. Kanuni yake ilikuwa moja tu, nayo hakuivunja kamwe: usiliite moja ukaliacha jingine. "Neno lililoachwa linasikia," aliniambia. Nami nililishika hilo kuliko yote.

Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nachambua mchicha, nilisikia Mama Zuhura akimwuliza kama mtoto wa watu atafaulu. "Kichwa anacho," Mwalimu Butoyi alijibu, "tatizo lake ni haraka. Anataka kufika kabla hajaondoka." "Na akishindwa?" Nikasikia mwiko ukigonga chungu. "Akishindwa ataolewa na yule mzee, na mimi nitakuwa nimemlia mtoto wa watu mwaka mzima." Sikuwahi kujua kwamba alifahamu habari za mposaji. Tangu siku hiyo niliamka kabla yake, nikasoma mapacha mpaka nikayaota.

Basi ikaja mitihani ya majaribio mwezi wa nane. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na sentensi ishirini zenye nafasi wazi, na mbele ya kila sentensi maneno mawili yanayofanana, uchague moja. Nilitazama nikaona mapacha watupu. Niliwajua wote, kama mtu anayeingia kwenye harusi ya ukoo wake. Nikaandika unga pale palipotakiwa unga. Kisha mkono ukasita, nikaona ua limebaki peke yake kwenye mabano, nikaliandika na lenyewe, dogo, chini yake. Nikafanya vivyo hivyo kwa zote ishirini. Sikuwa nabahatisha. Nilijua lipi lilitakiwa na niliweza kueleza kwa nini. Nilishindwa tu kulitupa la pili, kama vile usivyoweza kumkaribisha Bukuru ndani na kumfungia Butoyi nje. Nilitoka nikiimba.

Mwalimu wa somo alinirudishia karatasi mbele ya darasa. Sifuri katika sehemu ile, kwa wino mwekundu. "Huyu," aliwaambia wenzangu, "ameona asijichoshe kuchagua, ameandika yote ili sisi tumchagulie. Ujanja wa kuku. Ukifanya hivi Novemba, binti, nenda Mabawe ukalime." Darasa likacheka, na nilistahili kuchekwa, lakini si kwa sababu aliyoisema. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa siioni njia. Mwalimu Butoyi alikuwa juu ya mwamba anaanika muhogo. Nilimtupia karatasi miguuni, mimi mtoto niliyelelewa kupiga magoti nikimpa mtu mzima maji, nikasema, "Bukuru wako ndiye amenifelisha! Mtu amekufa, nyinyi mnampakulia ugali!" Hilo neno, kwamba amekufa, halikuwahi kutamkwa katika nyumba ile. Leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, bado naona aibu mpaka masikio yanawaka. Yeye aliiokota karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari. Akaikunja. Akaendelea kugeuza muhogo, kipande kimoja kimoja, mpaka jua likashuka.

Kesho yake, Jumamosi, aliniita pale pale mwambani baada ya chai. Alikaa amekunja magoti, akanionyesha nikae karibu. "Bukuru alikufa," alisema. Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Alikuwa msichana kama mimi. Surua. Tulikuwa na miaka tisa, tumelala mkeka mmoja. Nikataka kulia, bibi akaniziba mdomo, akasema pacha haliliwi, ukimlilia utamfuata. Wakanipa sahani yake niishike. Nimeishika mpaka leo." Nikamwambia, "Nisamehe, Mwalimu." Akatikisa kichwa. "Sikiliza, Adela. Mimi nilikufundisha kuyapenda, sikukufundisha kuchagua, kwa sababu mwenyewe sijawahi. Anayeuliza swali anataka mmoja aitike. Mwenzake hafi kwa kuwa hakuitwa. Nadhani hafi. Tutajaribu, mimi na wewe." Kisha akamwita Mama Zuhura aliyekuwa uani kwake, akamwomba kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuanzia leo amsalimu hujambo. Mama Zuhura aliweka chini ungo wake. Alipokuja kusema, "Hujambo, Butoyi?" Mwalimu akamjibu: "Sijambo." Mchana alipakua kwenye sahani mbili kama siku zote, akanisogezea ile ya pili, akasema ni ya Adela. Sikuweza kuimaliza.

Habari zilifika Mabawe upesi kuliko barua. Wiki mbili hazijaisha, Chiza akatokea na baiskeli, amejaa vumbi, akakataa kukaa. Nilikuwa jikoni, na kuta zile hazikuwa na siri. "Dada, unataka kumwua mara ya piri? Kwa ajiri ya mtihani wa mtoto si wako?" "Ni wangu kwa mwaka huu," alijibu. "Na ukipatwa na jambo?" "Nikipatwa nitakuwa nimepatwa mimi, Chiza. Mimi Butoyi." Chiza aliondoka bila kunywa hata maji, jambo ambalo kwetu ni kama kupigana. Ndugu wengine waliacha kuja. Kujibu maneno ya watu Mwalimu alimwachia Mama Zuhura, ambaye alimtetea kisimani kwa ukali ambao hata mimi ulinitisha. Mwalimu mwenyewe alikonda. Kila asubuhi tulifanya zoezi jipya: ananitajia sentensi, mimi nasema neno moja, naye ananitazama machoni mpaka anahakikisha sitaongeza la pili. Nilipokuwa natoa neno moja na kufunga mdomo, yeye ndiye aliyevuta pumzi. Alhamisi iliyopita, mazishini, tulipokuwa tumesimama kwenye udongo uliofukuliwa, Chiza aliniegemea akaninong'oneza kwamba miaka yote hii hakuwahi kumwomba dada yake radhi kwa siku ile ya baiskeli. Nilimwambia dada yake hakuwa mtu wa kuweka vitu hivyo moyoni. Nadhani nilisema kweli.

Nilifaulu. Nalisema sasa ili msomaji asihangaike. Matokeo yalibandikwa Januari, jina langu likiwa juu ya mstari, mposaji akaoa mwingine, na yaliyofuata ndiyo maisha yangu. Lakini ninapoukumbuka mwaka ule si siku ya matokeo ninayoiona. Naiona siku ya mtihani wenyewe, Novemba, saa tisa alasiri, nimerudi na rula yangu na kalamu mbili. Senene walikuwa wameanguka alfajiri ile, na Mwalimu alikuwa amekaa sebuleni na beseni lao mapajani, anawanyonyoa mbawa na miguu. Nilikaa nikamsaidia. Hakuuliza kitu mpaka beseni lilipofika nusu.

"Yalikuwa mangapi?"

"Ishirini, Mwalimu. Kama majaribio."

"Ukaandika mangapi?"

"Ishirini tu. Moja moja."

Akashusha mabega. Mbawa za senene zilikuwa zimemganda mikononi. Nilidhani atasema nimefanya vyema, kwa kuwa kwa mwaka mzima hakuwahi kuninyima neno hilo nilipolistahili. Akasema, "Na yale mengine ishirini?"

"Niliyaacha. Ulisema niyaache."

"Najua nilisema. Niambie ni yapi."

Nilianza na lile la kwanza nililoliacha kwenye karatasi. Alilirudia baada yangu, akasema na maana yake kwa Kiswahili, wazi, kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Nikamtajia la pili, naye akaliita. Kufikia la tano mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya beseni. Niliendelea kumtajia, kwa kuwa nilielewa kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemziba mdomo na mimi. Aliyaita yote ishirini, kila moja peke yake, na machozi yakamshuka hadi shingoni, machozi ya mtoto wa miaka tisa, na katika nyumba ile hapakuwa tena na mtu wa kumkataza.